Kufumba na Kufumbua: Lugha katika Historia ya Mafunzo ya Walinzi wa Taarifa

Kijana anayejiunga na chuo cha Tanzania au Kenya ili awe fundi sanifu wa usalama wa mitandao hufundishwa mambo mengi: namna kompyuta zinavyounganishwa, namna ya kusoma kumbukumbu za mfumo, namna ya kuziba mianya ya programu, na namna ya kuhifadhi ushahidi baada ya uvamizi. Hayo hufundishwa kwa Kiingereza, na vyeti vya kimataifa ambavyo waajiri huvidai hutahiniwa kwa Kiingereza. Ni nadra kulikuta katika mitaala hiyo somo la lugha yenyewe, yaani lugha kama chombo ambacho siri hufichwa ndani yake na kwacho mtu hulaghaiwa. Mhadhara huu unahusu upungufu huo. Haudai kwamba ufundi wa kompyuta ni tawi la isimu. Unadai jambo dogo zaidi, ambalo historia inaweza kulishuhudia: kwamba katika vipindi ambavyo mafunzo ya walinzi wa taarifa yalizaa matunda, kusoma lugha kulikuwa ndani ya mafunzo hayo, na kwamba kulisahau jambo hilo kumewagharimu watu.

Sarufi ya Kiswahili ina mahali pake pa kuanzia. Miongoni mwa kauli za vitenzi iko ile ya kutendua, ambayo kwa kiambishi kimoja hugeuza tendo kuwa kinyume chake: -funga na -fungua, -ziba na -zibua, -ficha na -fichua, -fumba na -fumbua. Istilahi mpya za fani hii zimefuata njia hiyohiyo. Anayesimba ujumbe anaweza kuusimbua. Wazo kwamba kila kufuli lina ufunguo wake, na kwamba anayejua kufumba ndiye ajuaye kufumbua, halikuhitaji kuletwa na meli. Limo katika mofolojia.

Limo pia katika desturi. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870, aliueleza mchezo wa lugha uitwao kinyume, ambamo silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mwanzoni, hata nyumba ikawa mbanyu na kesho ikawa shoke. Watu wa mwambao waliutumia ili wasemezane mbele za watu wasiotakiwa kuelewa. Kwa istilahi za wafumbuaji, huo ni usimbaji wa kuhamisha nafasi: hakuna sauti inayobadilishwa, ila mahali pake. Ni usimbaji dhaifu, bila shaka, lakini unatosha pale ambapo msikilizaji hana muda wa kufikiri.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Fumo Liyongo, ambaye kisa chake kiliandikwa katika utendi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo akiwa kifungoni, walinzi wake walikuwa na mazoea ya kula chakula kizuri alichotumiwa na mama yake na kumwachia makapi. Akamtuma mjakazi Saada kwa mama yake kwa maneno ya ushairi, na mkate wa wishwa ukaletwa ukiwa na tupa ndani. Walinzi waliudharau mkate ule wakampa. Kisha, kelele za ngoma ya gungu zilipopamba moto, akakata minyororo. Kwa kawaida kisa hiki husomwa kama sifa za shujaa. Mtu akikisoma upande wa walinzi, anaona uvamizi wa kitabuni kabisa: mshambuliaji aliyachunguza mazoea ya lindo, akapata jambo ambalo lindo halilikagui kwa sababu linalidharau, akapeleka maagizo kwa lugha ambayo lindo halikujishughulisha kuisoma, na akafanya kazi yake wakati wa kelele. Walinzi wa Liyongo walikuwa na silaha na hawakuwa wachache. Hawakuwa wasomaji tu.

Elimu ya kufumbua siri kwa utaratibu ilianza katika mji wa wanaisimu na wafasiri. Katika karne ya 9, huko Baghdad, Yaqub bin Is-haq al-Kindi aliandika risala juu ya kuzifumbua barua zilizosimbwa. Njia yake ni rahisi kueleza. Chukua maandishi marefu ya lugha husika, hesabu kila herufi inatokea mara ngapi, kisha hesabu alama za ujumbe uliofichwa na ulinganishe. Herufi ikivaa sura nyingine bado inajitokeza kwa idadi ileile. Ugunduzi huu ulitoka katika mazingira ya watu waliokuwa wakihesabu maneno na herufi, wakitunga kamusi na kuchambua sarufi. Haukutoka kwa mafundi wa kufuli. Neno la Kiarabu sifr, ambalo kwa Waswahili ni sifuri, ndilo lililoingia katika lugha za Ulaya na hatimaye likawa pia jina la maandishi ya siri. Tokea hapo kila mwanafunzi wa fani hii hutaja jina la tarakimu isiyo na thamani anapoutaja ufundi wake kwa Kiingereza au Kifaransa, pengine bila kujua.

Funzo la al-Kindi lina sharti ambalo vitabu vya kiada hulipita upesi: hesabu ni ya lugha moja moja. Katika Kiingereza herufi inayoongoza ni e. Katika Kiswahili ni a, kwa kuwa silabi zetu huishia kwa irabu na vitenzi vingi visivyo na asili ya Kiarabu hukoma kwa -a. Mwanafunzi wa Dodoma au Nairobi anayekariri jedwali la herufi za Kiingereza, kisha akapewa ujumbe wa Kiswahili uliosimbwa kwa kubadilisha herufi, ataanza kwa kukosea. Zoezi hilo lingechukua saa moja ya darasa, na lingemfundisha mengi kuliko jedwali lenyewe.

Kipindi ambacho mafunzo ya aina hii yalipanuliwa kwa haraka isiyo na mfano ni Vita Kuu ya Pili, na hapo historia inafika Mombasa. Baada ya Japani kuingia vitani Desemba 1941, Waingereza walijikuta hawana wasomaji wa kutosha wa Kijapani. Wataalamu wa lugha za Mashariki jijini London walikadiria kwamba mafunzo yangehitaji angalau miaka miwili. Jeshi halikuwa na miaka miwili. Mwezi Februari 1942 yakaanzishwa mafunzo ya miezi sita mjini Bedford, karibu na kituo cha Bletchley Park, chini ya Oswald Tuck, ofisa mstaafu wa jeshi la majini ambaye Kijapani alikuwa amejifunza mwenyewe. Wanafunzi wake walichaguliwa zaidi miongoni mwa vijana wa Oxford na Cambridge waliokuwa wakisoma Kilatini na Kiyunani. Hawakuwa wahandisi wala hawakuwa wamewahi kuona maandishi ya Kijapani. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kukaa mbele ya matini ngumu, iliyokatika, ya lugha wasiyoizungumza, na kuiuliza maswali ya sarufi hadi ijibu.

Inafaa kusita hapa, kwa sababu uchaguzi ule ulipingana na busara ya wengi. Tuck hakuwafundisha wanafunzi wake kuagiza chakula mjini Tokyo. Aliwafundisha Kijapani cha telegramu za kijeshi: majina ya meli, bandari, tarehe, shehena, amri, na namna vitenzi vinavyoshika nafasi zao mwishoni mwa sentensi. Kwa maneno ya isimu ya siku hizi, alifundisha rejesta. Alijua kwamba ujumbe wa siri, kabla haujawa wa siri, ni sentensi iliyoandikwa na mtu fulani kazini, na kwamba watu kazini hurudia maneno yaleyale. Anayelijua rudio ana mahali pa kuingilia.

Wakati huohuo, kituo cha Waingereza cha kufumbua siri za Wajapani kilikuwa kikihamahama. Kilikuwa Hong Kong, kikapelekwa Singapore mwaka 1939, kisha Colombo mapema mwaka 1942. Wajapani walipoishambulia Colombo kwa ndege Aprili 1942, sehemu kubwa ya kituo ikahamishiwa Kilindini, Mombasa, na shughuli zikawekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram yanayotazamana na Bahari ya Hindi. Mawimbi ya redio kutoka Mashariki yalifika pale kwa udhaifu, na wafumbuaji mara nyingi walifanya kazi na vipande tu. Hata hivyo ni katika shule hiyo ndipo mfumo wa meli za biashara za Japani, uliojulikana kwa Waingereza kama JN-40, ulipovunjwa. Awali ulidhaniwa kuwa kitabu cha misimbo kilichozidishiwa tarakimu. Mwezi Septemba 1942 kosa la Wajapani wenyewe liliwapa John MacInnes na Brian Townend fununu, wakatambua kwamba dhana hiyo haikuwa sahihi: maandishi yaligeuzwa kuwa jozi za tarakimu kwa jedwali, kisha nafasi zake zikahamishwa. Ilipofika Novemba waliweza kusoma jumbe za nyuma na kuzifumbua mpya kadiri zilivyoingia, na misafara ya meli ikaweza kufuatiliwa.

Kuhamisha nafasi ni tendo la jamii moja na kinyume, ingawa JN-40 ilikuwa ngumu kuliko mchezo huo kwa kiasi kisicholinganishwa. Nje ya ukuta wa shule ile kulikuwa na mji mzima ambao lugha yake ilikuwa na jina la ufundi huo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba wafumbuaji walilijua. Mmoja wa wahitimu wa Bedford, Hugh Denham, aliandika baadaye kumbukumbu za safari yake ya Bedford, Bletchley, Kilindini na Colombo. Mwaka 1943 kituo kilirudi Colombo, na shule ikabaki kuwa shule.

Baada ya vita ufundi uliingia kwenye mashine, na mafunzo yakafuata mashine. Hilo lilikuwa na sababu nzuri. Usimbaji wa kompyuta haufumbuliwi kwa kuhesabu herufi, na mwanafunzi wa Kilatini asiyejua hisabati hakuwa tena na nafasi pale. Hata hivyo, tukio ambalo kwa kawaida hutajwa kuwa chanzo cha kazi ya ulinzi wa mitandao kama ajira ya kudumu lilikuwa na lugha ndani yake. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia katika intaneti programu iliyojieneza yenyewe, ya aina ambayo wataalamu huiita mnyoo. Inakadiriwa kwamba iliathiri kompyuta zipatazo 6,000, sehemu kubwa ya intaneti ya siku zile. Sehemu ya nguvu yake ilitokana na makosa ya programu nyingine. Sehemu nyingine ilitokana na orodha ya maneno 432 ambayo mnyoo ule uliyajaribu mojamoja kama maneno ya siri ya watumiaji. Yalikuwa maneno ya kawaida na majina ya watu. Morris hakuhitaji kumjua mtumiaji yeyote. Alihitaji kujua ni maneno gani humjia haraka mtu wa jamii yake anapoambiwa achague neno.

Majuma machache baadaye, serikali ya Marekani iligharimia kituo cha kuratibu dharura za kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, na ndicho kilichokuwa kielelezo cha vituo vya namna hiyo duniani. Taasisi za kutoa mafunzo na vyeti zilifuata katika miaka ya 1989 na kuendelea. Mtaala ulijengwa juu ya mashine: mitandao, mifumo, usimbaji, sheria. Lugha ikawekwa katika sura moja ndogo, chini ya jina ambalo likitafsiriwa neno kwa neno huwa uhandisi wa jamii.

Jina hilo linastahili kulalamikiwa. Kevin Mitnick, aliyekamatwa mwaka 1995 na kufungwa hadi Januari 2000, alitoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani mwezi Machi mwaka huo, akaeleza kwamba kwa kuzungumza na watu kwa simu alifanikiwa kiasi cha kutohitaji mara nyingi mbinu za kiufundi. Alijua msamiati wa kampuni, alijua ofisa wa cheo fulani huongea vipi, aliuliza swali lake katikati ya maswali yasiyo na madhara. Mwanafunzi wa Kiswahili akiambiwa kwamba huo ni uhandisi wa jamii hapati picha yoyote. Pengine atadhani ni mipango miji. Akiambiwa ni utapeli, ulaghai au hadaa, ameelewa kabla mwalimu hajamaliza sentensi, na anakuja na mifano kutoka stendi ya mabasi. Ni kweli kwamba istilahi inahitaji kubainisha, na utapeli ni neno pana. Lakini neno pana linaweza kuwekewa mipaka, ilhali neno lisilo na maana halina pa kuwekewa mpaka.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa kuchelewa na kwa tahadhari. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na zuio hilo lilikuja kulegezwa kidogo kidogo. Mkongo wa baharini ulifika mwaka 2009. Kilichowafikia wananchi wa kawaida kabla ya kompyuta ni fedha za simu: M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kwa mara ya kwanza mfumo wa kompyuta ulioshika fedha za mamilioni ya watu uliendeshwa kwa jumbe fupi, na sehemu kubwa ya jumbe hizo ilikuwa ya Kiswahili. Vyombo vya ulinzi vilikuja baadaye. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 iliweka msingi wa kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, Kenya ikapitisha ya kwake mwaka 2018, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikawa na shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali.

Matapeli hawakungoja. Ujumbe uliojulikana kuliko wote nchini Tanzania ulikuwa na maneno sita: "ile hela tuma kwenye namba hii". Haukuwa na kiungo cha kubofya, haukubeba programu yoyote, haukuvunja neno la siri la mtu. Kwa kipimo cha vitabu vya kiada haukuwa shambulio la kompyuta hata kidogo. Nguvu yake yote imo katika neno la kwanza. Kionyeshi ile katika nafasi hii hakionyeshi umbali. Kinarejelea kitu ambacho msemaji na msikilizaji tayari wanakijua. Anayeupokea ujumbe akiwa na deni, kodi ya nyumba au ada ya mtoto analijaza pengo hilo mwenyewe. Tapeli hana haja ya kujua ni hela gani. Hajitambulishi, kwa kuwa watu waliokwisha kuafikiana hawajitambulishi. Hatumii salamu, kwa kuwa salamu ingedai achague kati ya shikamoo na habari, na hapo angejulikana kuwa mgeni. Kosa lolote la adabu lingemfichua, ufupi unamsitiri. Mtunzi wa ujumbe ule, awaye yeyote, aliielewa pragmatiki ya Kiswahili vizuri kuliko wengi wa waliofundishwa kumzuia.

Kuujenga uchujo wa jumbe kama hizo ni kazi ya fundi, na hapo mofolojia inarudi. Programu iliyobuniwa kwa lugha yenye maneno mafupi yasiyobadilika hutafuta neno lililo katika orodha. Katika Kiswahili hakuna neno la kutafuta. Mzizi -tum- unaweza kuonekana kama tuma, nitumie, unitumie, utanitumia, ameshanitumia, usipomtumia, na maumbo mengine kwa mamia. Zaidi ya hayo, nitumie ni umbo la vitenzi viwili: kutumia kitu, na kumtumia mtu kitu. Uchujo usiotenganisha hizo mbili ama utazuia ujumbe wa mama anayeomba sukari, ama utapitisha wa mwizi. Kazi ya kuifundisha kompyuta kuyachambua maumbo hayo imekuwapo kwa muda mrefu; Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliianza katika miaka ya 1980, na uchanganuzi wake wa kimofolojia ulijulikana vyema kwa wanaisimu wa Kiswahili. Mahali ambapo haukujulikana vyema ni katika madarasa ya ulinzi wa mitandao.

Upande wa istilahi, wanaisimu walifanya sehemu yao, ingawa kwa kuvutana. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulithibitisha kwamba kompyuta inaweza kusema Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa kosa. Kompyuta, tarakilishi na ngamizi ziligombea nafasi moja, na watumiaji wakaamua. Nenosiri na nywila bado zinaishi pamoja. Neno virusi lilipokelewa kama wingi wa ngeli ya KI-VI, kama vile kitabu cha Kiarabu kilivyopata vitabu, likazaa umoja wake kirusi, ambao kwa bahati mbaya ndilo jina la lugha ya Urusi. Mhariri wa habari za uvamizi wa mtandao na awe mwangalifu. Lililofanikiwa kuliko yote ni mdukuzi. Linahusiana na -dukiza na dukizi, maneno ambayo kamusi za zamani huyaeleza kwa kusikiliza mambo ya watu kwa siri. Anayelisikia anamwona mtu aliyetega sikio dirishani. Istilahi ya namna hiyo ni nusu ya somo.

Suala hili lina uzito mwingine tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha mwaka 2021 marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapodai. Fundi aliyechunguza simu ya mtuhumiwa huitwa kutoa ushahidi. Ujumbe alioukuta ni wa Kiswahili, mlalamikaji aliyepoteza ada ya mtoto anazungumza Kiswahili, hakimu anaandika hukumu kwa Kiswahili, na maelezo ya kitaalamu aliyofundishwa fundi ni ya Kiingereza. Wakili wa utetezi atasimama aulize swali moja: ujumbe huu haukumtaja mtu, haukutaja kiasi, haukusema uongo wowote, udanganyifu uko wapi? Mfumo wa simu hauna jibu la swali hilo, wala kumbukumbu za mtambo. Jibu liko kwenye ile, na fundi atapaswa kulieleza kizimbani kwa maneno yake mwenyewe.